Boti ya Chuma Chini ya Ruvu

Nyinyi wajukuu, na wenzenu mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Kila nikisema niliwahi kuzamia chombo kilichozama, mnaniuliza kama kulikuwa na dhahabu. Hakukuwa na dhahabu. Nitawaambia kulikuwa na nini. Shule mimi sikukaa, kusoma nimejifunza ukubwani, kwa hiyo nasema kama ilivyokuwa.

Nimezaliwa Kisarawe, vilimani, maji tulichota kisimani kwa kata. Nilipoolewa huku karibu na Mlandizi ndipo nilipoukuta mto. Aliyenifundisha kuzama ni mama mkwe. Nyumba ile ilitega migono, mitego ya fito inayolazwa chini ya maji, na mgono ukinasa kwenye mizizi lazima mtu aufuate. Mume wangu sikio lilitoa usaha, hawezi. Mama mkwe macho yalishaingia ukungu. Nikabaki mimi. Wanapiga maji kwa makasia ili mamba aondoke, unafungwa kamba kiunoni, unakumbatia jiwe, unakwenda.

Mama mkwe alikuwa na jambo moja ambalo sote tulilizunguka kama shimo. Mwanawe wa kwanza, kaka wa mume wangu, alikamatwa, akafungwa mnyororo mmoja na wenzake kubeba mizigo wakati wa vita ya Mjerumani, hakurudi. Vita ikaisha, Mwingereza akaja akakaa, na bado mama yule hakukubali matanga. Ukimtajia anakuuliza, "Maiti umeiona wewe?" Kila masika alilima kipande cha shamba cha mwanawe peke yake. Mahindi yake hakuna aliyeyaonja, yalioza darini.

Sasa mwaka mmoja mvua zilikuja kwa fujo, mto ukachimba mchanga kwenye kona yetu ya kutegea. Maji yalipopungua mgono ukanasa pale. Nikashuka nikitegemea kukuta mzizi. Mkono ukagusa kitu bapa, baridi, chenye vichwa vya misumari vilivyopangwa mstari. Nikatikisa kamba, wakanitoa.

"Kuna chuma," nikasema. "Kikubwa. Kama boti."

Wanaume walifurahi. Majembe yetu yalikuwa yamelika mpaka yanafanana na vijiko. Wazee wakakumbuka kwamba Mjerumani alikuwa na boti ya kuvushia mizigo, ikazama alipokuwa anakimbia. Nikafunga kamba kwenye kipande kilicholegea, wakakivuta, mhunzi akakigonga akasema kizuri.

Kesho yake wakaja wengi kuvuta boti yenyewe.

"Shemeji chura huyo!" mmoja akapiga kelele. "Ukimkuta mamba, mwambie atusubiri, tuna kazi!"

"Nitamwambia aanze na wewe, una nyama."

Tukacheka sana.

Chini kule macho hayasaidii, unaona kwa vidole. Nikapapasa ukingo, nikaingia ndani kutafuta pa kufungia kamba. Kulikuwa na mnyororo. Nikaufuata pete kwa pete ndani ya tope, vidole vikaangukia kwenye meno.

Ukigusa meno ya mtu unajua. Mpaka leo sipukuchui mahindi gizani.

Nilitoka na taya mkononi. Sikujua nimelishika mpaka wanaume waliponyamaza. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni akiparua samaki.

"Mbona kimya? Mmepata nini?"

 Nikamwekea mikononi.

Alilipapasa taratibu, kama anachambua mchele. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika. Kidole kikapita pale, kikarudi, kikarudi tena.

"Mwanangu alivunjika jino," akasema. "Alijipiga na mpini, ndevu zinaanza kuota."

"Mama, watu wengi wamevunjika meno," mume wangu akasema.

"Nimesema ni yeye? Nimesema alivunjika jino." Akageuza uso mtoni. "Nimevua hapa tangu vita iishe. Kambale wa hapa walivyonona."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wanaume walikunja kamba zao bila kuambiwa.

Akarudi nyumbani na taya ndani ya upindo wa kanga, akakaa nalo mlangoni. Hali, hasemi. Ukinyoosha mkono kulichukua anakukazia macho yale yasiyoona. Kulipokucha tukamkuta pale pale. Mume wangu akasema tungoje, mama ataamua kama ni yeye. Nikaona hataamua. Akisema ndiye, amemuua kwa mdomo wake. Akisema siye, amemtupa tena mtoni. Na chakula kilizidi kurudi jikoni kama kilivyokwenda, na shingo yake ilikuwa imeanza kulala.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, ni yeye?"

Akalipapasa tena lile jino. "Sijui, mwanangu. Vidole vyangu havijui."

Tangu niingie nyumba ile sikuwahi kumsikia akisema hajui. Nikafungua mikono yangu, naye, polepole, akaniachia.

Mume wangu akaninong'oneza, "Mwalimu wa msikitini hatakubali kuswalia taya la mtu asiyejulikana."

"Mwalimu nitamfuata mwenyewe," nikamjibu. "Awe kaka yako, awe mwenzake wa kwenye mnyororo, ana mama."

Kwao, kama kwetu, nyumba yenye maiti haipiki mpaka azikwe. Nilikuwa mke wa kuja, hakuna aliyenipa amri ya kusema pale. Nikatoka uani, wanawake wanachochea kuni chini ya chungu cha mchana.

"Zimeni moto," nikawaambia. "Tandikeni majamvi, toeni sanda, wanaume wakachimbe kaburi. Nyumba hii ina msiba."