Viti Vitatu vya Bibi Irmgard

Jioni za baridi, giza likishaingia, Bibi Irmgard humwagiza Agathe afunge mapazia na kupanga viti vitatu mbele yake. "Watoto wamefika," husema. Hakuna mtoto.

Agathe, mzaliwa wa Bukavu, alimtunza bikizee huyo kwenye fleti juu ya mkahawa wa Waarabu, mtaa wa Edgware Road. Alishazoea. Bibi Irmgard alitoka bonde la milima ya Alpi, kwa Wajerumani waliojikuta chini ya utawala wa Italia. Mafashisti walipopiga marufuku Kijerumani shuleni, yeye, msichana mbichi, aliwafundisha watoto kwa siri ghalani, vitabu vikifichwa chini ya viazi.

"Leo kule viti vya serikali vinagawanywa kwa wingi wa wasemaji wa kila lugha," alipenda kusema. "Kaka yangu alikalia kimoja. Watoto wakisahau, kiti kinaondoka."

Maneno hayo yalimchoma Agathe. Binti yake Keren alielewa Kiswahili ila alijibu Kiingereza tu. Nyanya yake akipiga simu kutoka Bukavu, wawili hao walibaki kusikilizana pumzi.

Likizo moja, kwa kukosa wa kumwachia, Agathe alimleta Keren kazini. Bibi Irmgard alimtazama. "Wa nne huyu. Leta kiti."

Somo likaanza kwa kunong'ona. Ghafla, hatua ngazini. Bibi akazima taa, akatumbukiza kitabu kwenye mfuko wa viazi. Hakuna aliyebisha hodi. Gizani, Agathe alisikia watu wakibana pumzi, na walikuwa zaidi ya wao watatu.

"Wewe, mbona kimya? Paka amekula ulimi?" Agathe alimtania Keren kwenye basi la kurudi nyumbani.

Keren akajibu kwa Kiingereza chake: mvulana wa kiti cha pembeni alikuwa na mikono baridi.

Bibi Irmgard alifariki kabla ya Pasaka. Jioni ya maziko Agathe alirudi kwake Thornton Heath, akamkuta mumewe Jules amesimama jikoni.

"Mama Keren, mutoto wako leo ananitia woga. Nenda uone."

Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa. Viti vinne. Keren alikalia kimoja, mfuko wa viazi miguuni pake.

"Mama, tufundishe," alinong'ona, kwa Kiswahili. "Polepole. Wanasema tusisikike."

Agathe alitamani kukimbia. Lakini Kiswahili kilikuwa kimetoka kinywani mwa mwanawe, na kesho kingeweza kurudi ndani. Akazima taa.

"Semeni: Jambo, nyanya."

Sauti zilizoitikia zilikuwa nne.