Mwenye Gari Anapotembea kwa Miguu

Shule niliishia la saba, lakini leo nina mashine za kusaga, nina pikipiki za kukodisha, na katika timu yetu ya maveterani hapa Songea jezi na mpira ni vyangu. Ndiyo maana nacheza mshambuliaji wa kati. Mwenye mpira hatolewi nje, na kocha hajawahi kuuliza kwa nini.

Tulipoalikwa Tunduru, wenyeji wakaweka sharti: kila mchezaji apimwe moyo, maana mwenzao mmoja alianguka uwanjani na hakuinuka tena. Nilicheka. Mimi nimeanzia kubeba magunia ya mahindi, moyo wangu upimwe kitu gani? Nikaenda wa kwanza ili wengine wajifunze.

Daktari alikuwa binti wa umri wa wanangu. Alinipa shikamoo, akanibandika nyaya kifuani, kisha akautazama moyo kwenye kioo cha mashine.

"Baba, misuli ya moyo wako imenenepa."

"Asante. Ni mazoezi hayo."

"Hapana, baba. Ni presha. Ukikimbia hivi, utaanguka kama yule wa Tunduru."

Akaniandikia vidonge. Nyama ya kitimoto nipunguze, chumvi nipunguze, mpira nisiguse mpaka anipime tena. Na kila asubuhi nitembee kwa miguu, taratibu.

Sasa hapa mjini mwenye gari akionekana anatembea, watu hawasemi anatibiwa. Wanasema gari limeuzwa. Siku za mwanzo tu, kwenye mlima wa kurudi nyumbani, dereva wa bodaboda akasimama pembeni yangu.

"Shikamoo bosi. Panda tu, sitaki hela."

"Hiyo pikipiki ya nani?"

"Ya kwako, bosi. Ila tunasikia mambo..."

"Mnasikia nini?"

"Mungu atasaidia, bosi."

Miguu ilikuwa inauma, na kile kiti nilikinunua mwenyewe, najua kilivyo laini. Nikamkumbuka yule wa Tunduru. Nikamwambia aondoke kabla sijamnyang'anya ufunguo.

Jumapili jumuiya yetu ikaja kunifariji. Walisali, wakaimba, wakaniachia unga. Mimi, mwenye mashine! Tena niliutambua kwa ulaini wake: umesagwa kwangu. Mke wangu alikimbilia jikoni kucheka.

Nikaamua kutembea na jezi, soksi ndefu na njumu, ili mji ujue huyu ni mwanamichezo. Njumu zilipiga kelele kwenye lami kuanzia Lizaboni hadi sokoni. Mji ukasema mali imekwisha na sasa akili nayo inaondoka.

Niliendelea kutembea. Mtu mwingine angeona aibu, akapanda gari, akafa na heshima yake.

Nilipopimwa tena, binti yule akatabasamu. "Presha imeshuka vizuri. Cheza kipindi kimoja, pole pole. Pumzi ikianza kukata, toka. Usisubiri kifua kibane."

Tunduru tulicheza kwenye jua kali. Karibu na mapumziko, hakuna aliyefunga, tukapata kona. Kona zote hupigiwa mimi. Hapo hapo pumzi ikaanza kukata.

Nikanyoosha mkono. Kocha akadhani nadai mpira.

"Nitoe!" nikapaza sauti.

"Nikutoe wewe, mzee? Aingie nani?"

"Yeyote!"

Nikatoka nikitembea, kwa mwendo ule ule wa kila asubuhi.

"Tajiri, kimbia basi, unapoteza muda!" akapiga kelele shabiki mmoja wa Tunduru.

"Natembea kwa amri ya daktari!"

Nikaketi kwenye benchi, nikashika kifua. Kilikuwa shwari, moyo unapiga taratibu kama mashine iliyobadilishwa oili. Kona ikapigwa, na yule aliyeingia badala yangu akafunga kwa kichwa.

Jezi yangu, mpira wangu, nafasi yangu. Goli hilo ni langu.