Mshenga Aliyekula Kabla ya Kusema

Nilirudi Mbozi nikiendesha pikapu yangu mwenyewe. Hilo nalitaja mapema ili lisinikae kooni. Nilipoondoka nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Itaka, zama ambazo mshahara ulichelewa mpaka mtu akausahau, na mpaka wa Tunduma niliuvuka na begi moja la rekzini. Lusaka nilianza kwa kubeba mizigo stoo. Mchana stoo, jioni darasani, mpaka nikaipata stashahada ya uhasibu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala kanisa lililonilipia ada. Cheti chenyewe nilikitia kwenye fremu, nikakifunga kwa blanketi na kukiweka nyuma ya kiti, maana nilitaka wenzangu niliokula nao chaki wakione kwa macho yao.

Pale Tunduma nilikwama kwenye foleni ya malori. Jamaa mmoja mwenye koti la ngozi alikuja akashika mlango wa gari, akanitazama, kisha akainama kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Nilimjua kwa kovu la kwenye nyusi kabla hata hajataja darasa. Nilimfundisha hesabu akiwa la sita. Hakwenda sekondari, lakini sasa alikuwa na duka la vitenge vya jumla, na akina mama wa Zambia waliojaa mlangoni alikuwa akipatana nao bei kwa Kibemba kana kwamba kaachishwa ziwa nacho. Alifunga duka saa za biashara kwa ajili yangu. Nilimwambia hesabu anazopigia faida zile ni zangu, naye hakukataa.

Nililala kwake. Asubuhi, tukinywa chai, ndipo aliponieleza shida yake. Alitaka kumwoa binti wa mwalimu mkuu wetu wa zamani, aliyekwisha kustaafu na bado anaishi palepale Itaka kwenye kahawa zake. Binti huyo mimi nilimwacha mgongoni kwa mama yake. Sasa anafundisha chekechea shuleni petu. Wawili hao walikwisha kupatana. Aliyekuwa hajapatana na mtu ni mzee. Mshenga wa kwanza, mjomba wa kijana, alipanda kule akarudishwa na maneno mafupi: hapa hakuna binti wa kuozwa mpakani.

Kwa watu wa kule, ombi hurudiwa mara moja tu. Ukirudishwa tena, kubisha hodi nyingine ni kuwatukana wenye nyumba. Kwa hiyo alikuwa ameitunza nafasi yake ya mwisho, hana mtu wa kumkabidhi, mpaka mimi nilipotokea.

"Mwalimu, wewe ulinifundisha mimi na ulifanya kazi chini yake yeye," aliniambia. "Wewe hawezi kukurudisha."

Hata mimi niliona hivyo. Mtu mwenye stashahada, aliyekaa meza moja na wakubwa wa Lusaka, arudishwe na mkuu wake wa zamani? Nilimwambia aanze kutafuta suti. Yeye anasema hapo ndipo aliponionya jambo la chakula. Huenda alinionya. Nadhani wakati ule nilikuwa namsimulia mtihani wangu wa mwisho.

Niliacha lami Mlowo nikapanda peke yangu. Ilikuwa miezi ya baridi, kahawa imeiva, na barabara nzima watu walikuwa wakitembea na vikapu. Shuleni nilimkuta mwalimu mwenzangu mmoja tu wa zamani, mama aliyekuwa na darasa la kwanza tangu enzi zetu. Alicheka, akasema nimenenepa kama mwenyekiti wa ushirika, kisha akanielekeza nyumbani kwa mkuu ingawa njia naijua.

Mzee alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amepungua, lakini sauti ilikuwa ileile ya mstarini. Aliniuliza nimelala wapi, nami kwa kujivuna nikamjibu kwamba nimelala kwa mwanafunzi wetu wa Tunduma, yule wa vitenge, mtoto aliyetutoa kimasomaso. Mzee aliitika "Eeh," akamwita mkewe, wakasemezana Kinyiha kwa sauti ya chini. Haikuchukua muda nikaletewa maji ya kunawa. Kuku alikwisha kuchinjwa. Nilishangaa jiko la kuni linawezaje kuwa na haraka hivyo, lakini sikuuliza. Katikati ya bakuli waliweka firigisi, wakaielekeza upande wangu.

Mtu ambaye hajakaa ugenini miaka yote ile, akila firigisi za kununua dukani kwa kilo, hawezi kujua raha ya firigisi moja inayoelekezwa upande wake. Niliila. Nikala na paja. Mzee akaniomba nisimulie ya Lusaka, nami nikasimulia: stoo, chumba cha kupanga Matero, masomo ya jioni, jinsi nilivyokaa miaka bila kurudi kwa sababu niliapa sirudi mikono mitupu. Nikaenda garini, nikaleta cheti. Kilipita mikononi mwa mzee, mkewe, hata wajukuu wawili waliokuwa wakicheza uani walikishika. Binti mwenyewe aliingia kuondoa vyombo. Alipoona bakuli langu limebaki mifupa alisimama ghafla, akanitazama kama mtu aliyeona gari likirudi nyuma bila dereva.

Nilijikohoza. Nikasema nina neno nililotumwa.

Mzee aliinua kiganja. "Mwalimu, umekwisha kula."

Nilidhani ananitania ulafi. Nikamjibu ndiyo, nimekula vizuri, na sasa niseme.

"Aliyekula ni mgeni," alisema. "Mwenye neno la namna hiyo hanawi hata mikono. Wewe umekuja kunisalimia, na nimefurahi. Basi."

Lazima nijitetee. Mimi ni mtu wa Isongole, Ileje. Kwetu kule mshenga hawezi kufungua mdomo kabla hajatiwa kitu tumboni; kumsikiliza mtu mwenye njaa ni ukatili. Itaka nilikaa nikiwa kapera, sikuwahi kumchumbia mtu wala kumposea mwingine. Shule ya kufundisha mambo hayo haipo, hata Lusaka haipo. Lakini hapo kitini utetezi huo haukunisaidia. Niliyaona macho ya binti, nikamwona mwanafunzi wangu anavyonisubiri Tunduma.

Mzee alichukua fimbo yake, akaniambia twende tukaone kahawa. Tukiwa katikati ya mistari, mbali na masikio ya nyumbani, ndipo alipocheka.

"Ulipotaja ulikolala tu, nilijua umebeba nini. Nikamwambia mama yao alete chakula upesi."

"Ili nisiseme?"

"Ili nisikurudishe. Ungesema, ningekurudisha, na wewe ni mtu wangu. Tena ungekuwa umeufunga mlango wa yule kijana kwa mikono yako."

Nikamuuliza ana ubaya gani kijana mwenye duka kubwa kiasi kile. Mzee alinionyesha kwa fimbo wale wajukuu wawili uani. Alisema ni watoto wa binti yake mkubwa, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Tunduma. Mume alivuka kwenda Nakonde kufuata mzigo, kutoka Nakonde akaenda Kitwe, na mpaka leo mzigo wenyewe haujafika.

Nilimwambia wanaume wote si mmoja. Mimi mwenyewe nilivuka, na nimerudi.

"Umerudi, nakubali," alisema. "Lakini mchana kutwa umenisimulia namna mtu anavyovuka akakaa huko mpaka atakapotaka yeye. Umesimulia vizuri sana. Mke wangu alikuwa anakusikiliza jikoni. Unafikiri umemsaidia kijana wako?"

Nimetoa hotuba nyingi maishani, na nyingi zilipigiwa makofi. Ile ya siku ile sikuwahi kuifikiria kutoka upande wa jikoni. Nikamwambia, kwa kuwa sasa mimi ni mgeni tu, basi nitasema kama mgeni: kijana yule ana fedha za kuishi Lusaka kesho akitaka, lakini amejenga nyumba Tunduma na mama yake mzazi anakaa humo. Na alinifungia duka mimi, mwalimu asiye na faida kwake. Sikuwa na zaidi ya hayo. Nilikuwa nimelala kwake usiku mmoja na muda mwingi nilikuwa nazungumza mimi.

Mzee alichuma punje moja nyekundu, akaibonyeza mpaka ikatoa maji. "Kahawa hii imeniivia yote kwa pamoja," alisema, kama anayebadilisha mada. "Mtu akija kuchuma, simfukuzi."

Nilishuka Tunduma na hofu. Kijana alikuwa mlangoni pa duka, na aliposikia kwamba nimekula alikaa juu ya robota la vitenge akashika kichwa. "Mwalimu, jamani. Hata supu ungeiacha." Nikamwacha aseme. Halafu nikampa yale ya kwenye kahawa, neno kwa neno. Alinyanyua kichwa.

"Alisema mtu, au alisema vibarua?"

"Alisema mtu."

"Una hakika, mwalimu? Vibarua anawalipa kila mwaka. Hao si habari."

Nilimwambia nina hakika. Masikio yangu yalisomea mizania, hayapotezi kitu. Alimwachia dada yake funguo za duka. Kesho yake nilimpandisha Itaka kwa pikapu, amevaa mabuti ya mpira mapya yenye lebo bado, na nilipomshusha nilimbandulia lebo mwenyewe.

Hakuna aliyemkaribisha. Aliokota kikapu pembeni ya mstari, akaanza. Binti alipita akienda shuleni, akasalimu wote kwa pamoja bila kugeuza shingo, ila hatua zake zilipungua. Mimi nilikaa kwenye kigoda na mzee, nikanywa uji, kwa kuwa mgeni hazuiwi uji. Asubuhi yote mzee hakumsemesha. Alimtazama tu, kama alivyokuwa akitutazama sisi walimu vijana dirishani tukifundisha. Jua lilipopanda juu ya mibuni, kijana alilivuta tawi la juu kwa nguvu ili alifikie, likalia.

Mzee alisimama, akaegemea fimbo.

"Usivute tawi," alimwambia. "Ukilivunja, mwaka kesho utachuma nini?"