Karakana ya Mkono wa Kushoto

Mume wangu alikuwa seremala. Mtaani kwetu Kabondo kuna watu wengi wanaolala kwenye vitanda vyake bila kumjua. Alifanya kazi na wenzake katika kibanda cha kando ya barabara, na siku moja mchana, akiwa anapiga randa mlango wa kanisa, alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka, akashindwa kuinuka. Kilikuwa kiharusi.

Alipotoka hospitali aliweza kutembea huku akiburuta mguu wa kulia. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Lakini kilichotuumiza zaidi kilikuwa mdomo. Maneno yote yalikuwa yamemtoka, likabaki moja la Kifaransa: bon, yaani sawa. Akitaka maji alisema bon. Akiumwa, bon. Nikikosea kumvisha shati, bon, bon, na macho yakimjaa machozi.

Daktari alinieleza kwamba alikuwa anaelewa karibu kila tunachosema, ila njia ya kulitoa neno ndiyo iliyoharibika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kufundisha watoto kutamka, kwa hiyo nilijipa moyo. Jioni nilikuwa namketisha mezani, namwonyesha kikombe, sahani, picha ya binti yetu. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, kisha akageuza uso ukutani. Nikaacha. Nilihisi namtesa.

Baadaye mwenzake wa kazini akatuletea vyombo vyake vya useremala, vimetiwa kwenye gunia la mchele. Pale kibandani nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine, na sikuwa na sababu ya kuwalaumu. Nililisukuma gunia ndani ya depo, kile chumba kidogo cha mbao nyuma ya nyumba ambamo tuliweka mkaa tunaouita makala, mabati makuukuu na kuku.

Kesho yake nilikuwa nimekaa uani natwanga pondu, majani ya muhogo. Nilimwona anajikokota kwenda depo, na nikamwacha. Alitia mkono wa kushoto ndani ya gunia, akapapasa, akatoa randa yake. Akaitazama. Kisha nikasikia sauti yake, ile ya zamani kabisa, nzito, bila kukwama.

"Rabo."

Ndivyo maseremala wetu wanavyoiita randa. Niliacha mchi ndani ya kinu nikamkimbilia. Nikatoa nyundo. Akasema, "Marto." Nikatoa kile chombo cha kupimia pembe. "Ekeri." Alikuwa anacheka na kulia. Akaingiza mkono tena kwa haraka, na msumeno ukamkata kidole.

Wakati nafunga kile kidole ndipo nilipoamua. Vyombo havingekaa tena kwenye gunia. Ningetengeneza depo iwe karakana yake, kila kitu mahali pake, mahali ambapo mkono wa kushoto wa mtu aliyeketi unaweza kufika.

Mdogo wake, anayebeba abiria kwa baiskeli, alikuja kunisaidia lakini moyo wake haukuwepo.

"Shemeki," aliniambia tukiwa tunatoa makala, "unamutengenezea atelye mutu mwenye haweze kushika nyundo? Itamuumiza roho."

"Itamuumiza ao itamuponyesha, hatujue. Niletee ile beleshi."

Tulitoa kabati lililoliwa na mchwa, chandarua kilichooza, vyungu vya mama mkwe vilivyopasuka. Kuku nikawapa majirani. Mvua za kwetu huingiza maji ndani, kwa hiyo tulijaza mchanga tukainua sakafu, kisha tukamwaga simenti. Tulikata dirisha upande wa asubuhi. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango, akitazama bila kusema hata ile bon yake.

Siku ya kupigilia rafu nilijiona fundi. Nilipigilia ubao wa kwanza, nikarudi nyuma kuutazama. Kiti kikatoa mlio nyuma yangu.

"Nivo," alisema.

Alikuwa amesimama. Aliingia, akachukua kile kipimo chenye povu la maji, akakiweka juu ya rafu yangu. Povu likakimbilia pembeni. Alinitazama kwa dharau ile ile ya miaka yote, ile ambayo ilikuwa inanikasirisha sana tulipokuwa wapya kwenye ndoa, na nikacheka mpaka shemeki akaja kuuliza kuna nini.

Tangu hapo karakana ikawa yake. Mimi nilishika nyundo, yeye aliamua. Tulikata miguu ya meza ya kazi ili aifikie akiwa ameketi. Tulipiga misumari ukutani, na kuzunguka kila chombo nilichora umbo lake kwa kaa la moto lililozimwa, kama ninavyowachorea watoto darasani, ili kila kimoja kijulikane kinaporudi. Misumari ikakaa kwenye makopo ya maziwa, mikubwa chini, midogo juu. Alinishika kiwiko akinielekeza: hapana, hapa. Chini kidogo. Hapo.

Ule msimu ulikuwa mzuri. Nikitoka shule nilimkuta ameshaingia. Nilibana ubao wa lifaki, ule mwekundu, naye aliupiga randa kwa mkono wa kushoto, polepole, maranda yakidondoka mapajani mwake. Alitaja majina ya vyombo moja baada ya jingine, na mengine ambayo mimi sikuwahi kuyajua. Wageni walikuja kumsikia. Nilijivuna.

Lakini jina langu hakulitaja. Nilingoja. Nilijiambia kwamba likirudi neno la kipimo chenye povu, la mtu aliyelala naye kitanda kimoja haliwezi kubaki nyuma. Siku moja nikasimama mbele yake, nikaweka mkono kifuani kwangu.

"Papa, na mimi? Mimi ni nani?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Midomo ilitafuta. Aliinua ule mkono mzuri, wenye vumbi la mbao, akaniwekea shavuni.

"Bon," alisema.

Niliona wivu. Ni aibu kumwonea nyundo wivu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitoka nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Binti yetu alipopiga simu kutoka Kinshasa nilimwekea baba yake simu sikioni amsomee vyombo vya ukuta mzima. Msichana alikuwa analia kwa furaha. Halafu akasema, "Mama, mwulize jina yangu."

Nilijua sikupaswa kuuliza. Nikauliza. Mume wangu aliisogelea simu kwa heshima, akafikiri sana, akasema, "Ekeri."

 Yule mtoto akasema, kwa sauti aliyoilazimisha kuwa nyepesi, "Ni sawa, Papa. Mimi ndio ekeri yako."

Kiharusi cha pili kilikuja wakati wa mvua. Kilikuwa chepesi, walisema, na kweli baada ya siku chache alikuwa anatembea tena. Nilimshika mkono nikampeleka karakana, nikamketisha mahali pake, nikampa randa. Aliigeuza. Aliipapasa makali. Kisha akanirudishia kwa adabu, kama mgeni anavyorudisha kikombe akishamaliza chai. Nikamwonyesha nyundo. Nikavitaja mimi vyombo, kimoja kimoja, nikinyoosha kidole kwenye michoro yangu ya ukutani: marto, nivo, ekeri. Alinifuata kwa macho kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Hata bon haikuwepo tena. Nilipomaliza ukuta aliinama akaanza kulia, na tangu siku hiyo, nikimwelekeza upande ule wa uani, alikuwa anakaza mguu.

Dada yake mkubwa alikuja kutoka Yanonge, safari ya boti kushuka mto. Alikaa nasi, akaona jinsi ninavyomfungia ndani ninapokwenda kufundisha.

"Nitamuchukua," alisema. "Kule iko watu mchana yote. Hapa iko na nani? Iko na mlango."

"Yaya," nilisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ni bwana yangu."

"Ni yako. Sitamunyanganya. Lakini wewe unatoka asubuhi, donc tufanye nini?"

 Siku ya boti nilimwogesha, nikamvisha shati jeupe, nikampeleka bandarini. Alipanda ile boti ya mbao akisaidiwa na mabaharia, akaketi juu ya gunia la mtu, akatazama maji. Hakugeuka. Nilijiambia kwamba hakujua kuwa tunaachana, na sijui mpaka leo kama hilo linanifariji au linaniua.

Depo ilikaa imefungwa mpaka yule mwenzake wa zamani akaja. Kile kibanda chao kilikuwa kimeondolewa barabarani, akaomba apatumie. Nikamkubalia. Vyombo hufa kwa kutu hapa kwetu visiposhikwa. Alipoingia alipasifu sana, kisha akaniuliza kwa upole kama anaweza kuinua meza, maana yeye anafanya kazi amesimama, na kuhamishia vyombo upande wa kulia.

"Inua tu, tonton," nilimwambia.

Nilikaa jikoni nikasikiliza anavyounganisha miguu ya meza. Alifanya kazi nzuri. Jioni alinionyesha ukuta. Alikuwa ameufuta ule mkaa kwa kitambaa chenye maji ili paonekane pasafi.

Shule zikifungwa nami nashuka na mto kwenda Yanonge. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa mbele ya nyumba ya dada yake, amenenepa kidogo, samaki wa kukaushwa wametandazwa karibu naye. Kazi yake ni kufukuza inzi. Nilikaa kwenye mkeka nikamkata kucha. Alinipa mkono mmoja, kisha akanipa na mwingine, ule uliokufa, akauinua kwa ule mzima. Nilimsimulia habari za mtaa, nani ameolewa, nani amejenga. Watoto wa dada walileta wali na samaki, akala vizuri.

Boti ya kurudi ilipopiga honi nilisimama. Naye akajaribu kusimama. Dada yake akamwambia, "Kaa, ye anaenda kazi, atarudia," akakaa. Nilishuka kwenda majini na mfuko wangu wa samaki, na mabaharia wakanipa mkono wa kupandia.