Karatasi Ndani ya Boflo la Epifania

Adhana ya alasiri imekwisha kitambo, na maboflo ya Epifania yanapoa mezani bila mnunuzi.

Siku nyingine za Ramadhani, saa kama hizi, mbele ya kibanda hiki cha hapa Wete hapatoshi. Wanawake hubanana, huyu anataka lililoiva sana, yule analalamika kuwa jana alipewa dogo, na Epifania anawajibu utani kwa utani huku jasho linamchuruzika. Leo watu wanapita upande wa pili wa barabara. Wapo wanaomwamkia kwa mbali, na wapo wanaojifanya wanatafuta kitu mkobani mpaka wamvuke.

"Tangu juzi ni hivi," anasema, akifunika mikate kwa kanga. "Unga ninao, hamira ninayo, nguvu ninazo. Watu ndio sina."

Anavua aproni na kujitanda mtandio. Ameitwa. Bi Moza, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, amemtuma mkwewe Nusaiba na ujumbe mkavu: aje barazani baada ya alasiri, watu watakuwapo. Hakusema watu gani, na hakusema karibu.

Epifania anajua anachoitiwa. Pini ya mtandio inamponyoka na kudondoka chini.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kasulu, aliletwa Pemba na kazi ya mumewe, Aron, ambaye ni mwalimu wa sekondari. Alifika hajui mtu. Kuoka boflo alijifunza kwao, lakini mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi unaopaliwa makaa juu na chini, alifundishwa na Bi Moza.

"Nilikuwa napalia makaa mengi, unaungua. Nikipunguza, unabaki uji," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. "Bi Moza akaniambia, 'Wee mkate unaugombeza. Hebu uwache upumue.'"

Kujua kuoka ni jambo moja, kuuza ni jingine. Mwanzoni hakuna aliyenunua. Watu waliuliza, tena kwa haki yao, sufuria za mama huyu wa bara zimepikiwa nini. Bi Moza aliingia jikoni kwake, akafunua chungu kimoja kimoja, akanusa, kisha akatoka nje na boflo mkononi akalila mbele ya kadamnasi.

"Nyumba hii naijua mie," aliwaambia. "Haingii nguruwe wala ulevi. Mwenye swali aje kwangu."

Basi biashara ikasimama imara kwa neno la mtu mmoja. Kwa miaka yote hii mwezi wa Ramadhani ndio umekuwa ukilipa ada za watoto wa Epifania, na hakuna aliyewahi kwenda kwa Bi Moza kuulizia chochote. Mpaka wiki hii.

Mwanzoni mwa mfungo alikuja mgeni. Anaitwa Emmanueli, mwinjilisti kijana kutoka bara, na alifikia kwa akina Aron. Si mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema. Alichota maji, alikanda unga, alifagia uwanja bila kuambiwa. Ila alikuwa na swali lililomkaa kooni, na siku moja akalitoa.

"Dada, umeishi na watu hawa miaka kumi na mmoja. Wamejua nini kuhusu Yesu kupitia kwako? Boflo?"

"Lilinichoma," anasema Epifania. "Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli."

Kesho yake Emmanueli alitoa karatasi alizokuja nazo, zilezile alizozoea kugawa kwenye mikutano ya injili huko bara. Akapendekeza moja iingie katika kila mfuko wa mkate. Epifania alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na foleni ilikuwa inaanza. Akasema, "Weka."

Hakusoma hata mstari.

Jioni ile, kwa Bi Moza, Nusaiba alifungua mfuko ili akate mkate wa futari. Karatasi ikatoka imegandia kwenye ganda. Alidhani ni tangazo la bei, akaisoma kwa sauti. Ilisema hivi: wewe uliye gizani, uliyefungwa na mizimu, achana na mfungo usiokufikisha popote. Hebu fikiria! Watu wana tende mkononi, hata tonge la kwanza halijafika kinywani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nassor, mwenye duka la pembeni aliyekuwa akimuuzia mikate, aliyatoa maboflo yote rafuni kabla ya tarawehe. Kufika asubuhi, mtaa mzima una lake. Huyu anasema mkate una mtego. Yule anasema unga unasomewa usiku. Na wengi, pamoja na hasira zao, walimwonea huruma Bi Moza, maana ndiye aliyewahakikishia kuwa mkate huo unalika.

Aron alimtaka mkewe waende pamoja wakaombe radhi. Emmanueli akang'aka. "Huombi radhi kwa neno la Mungu, dada. Ukiomba radhi, umemkana."

Maneno hayo yamemnyima usingizi. "Nikiomba radhi naambiwa nimemkana Bwana wangu," anasema akiwa mlangoni, mkono kwenye komeo. "Nisipoomba, nimemdhalilisha mwanamke aliyenisimamia. Sasa nifanye nini mimi?"

Anavuta pumzi, anatoka.

Baraza la Bi Moza limejaa. Mwenyewe amekaa mkekani, mgongo ukutani, midomo mikavu kwa saumu. Nusaiba yuko kando yake. Nassor amesimama, hataki kukaa. Wanawake wa mtaa, walewale wa kugombania boflo lililoiva, wamebanana upande mmoja.

"Nashkamoo, Bi Moza."

"Marahaba. Kaa."

Emmanueli, aliyeambiwa abaki nyumbani, amemfuata nyuma. Anasimama uwanjani na kutoa salamu aliyoizoea, kwa sauti ya mkutano: "Bwana Yesu asifiwe!"

Haipokelewi na mtu. Epifania anafumba macho.

"Kaa nawe, mwanangu," anasema Bi Moza bila ukali. "Sikukwita, lakini ushakuja."

Kisha anavuta kitambaa cheupe kilichokunjwa, anakifungua mapajani. Ndani mna karatasi, zote, zimefutwa makombo na kunyooshwa.

"Hizi tumezikusanya nyumba kwa nyumba," anasema. "Zimetajwa jina la Mungu. Hazitupwi jaani, wala hatuzikanyagi. Pokea amana yako."

Emmanueli anazitazama kwa mshangao. Alikuwa amemwapia Aron kwamba zitachanwa vipande.

"Bi Moza, tusizunguke," anasema Nassor. "Huyu katuchezea. Mkate wake mie kwangu sitii tena, na wewe utoe kauli watu wajue."

"Ngoja, Nassor. N'na la kumuuliza." Anamgeukia Epifania na kuinua karatasi moja. "Hii inasema mie nimefungwa na mizimu. Mizimu gani? Wee kwangu unaingia mpaka chumbani. Umeiona wapi?"

"Sikuisoma, Bi Moza."

"Hukuisoma?"

"Sikuisoma."

Barazani panazuka minong'ono. Mama mmoja anasema, "Lahaula!" na kugeuzia uso ukutani.

"Unga unauchekecha kabla hujaukanda," anasema Bi Moza polepole, "usije ukatulisha mdudu. Maneno ya Mungu ndio umeyatia vivi hivi?"

Epifania anaitazama ile karatasi. Machozi yanamlengalenga, na aibu imempanda mpaka masikioni. Hatimaye anasema, "Nisamehe. Nisameheni nyote. Hayo ya giza na mizimu siyaamini juu yako, na mfungo wenu nauheshimu. Kukutilieni karatasi kwenye chakula bila kuwaambia, nimekosa."

"Dada..." anaanza Emmanueli.

"Subiri, Emmanueli." Ameinua mkono, na sauti yake imebadilika. "Lakini Bi Moza, sitaki nitoke hapa na uongo mwingine. Yesu namwamini. Kwa hilo siombi radhi."

Nassor anagonganisha viganja mara moja, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Mnaona? Si nilisema!"

Bi Moza hamtazami Nassor. Anamtazama jirani yake.

"Sasa hilo mbona hukunambia? Miaka yote hii unakula kwangu, nakula kwako. Unakuja kunitilia ndani ya mkate kama unanitegea dawa ya panya! Mtu si huambiwa, Epifania?"

Mwanamke mmoja anataka kucheka, anajizuia.

"Niliogopa."

"Uliniogopa mie?"

"Niliogopa nikupoteze. Nilisema moyoni, nikianza habari za dini, mlango utafungwa. Nikanyamaza. Unakumbuka alipokufa Gaudensia wangu?"

Bi Moza anatikisa kichwa kukubali. Nani asiyekumbuka? Mtoto alikuwa na miezi saba tu. Homa ilimchukua siku ambayo Aron alikuwa safarini, na ni Bi Moza aliyepasha maji, aliyeosha mikono na miguu ya yule malaika, aliyelala sakafuni pembeni ya mama yake mpaka kulipokucha.

"Uliniuliza nimewezaje kulala usiku ule," anasema Epifania. Sasa analia waziwazi na hajifuti. "Nikakujibu nimechoka. Sikuwa nimechoka, Bi Moza. Nililala kwa sababu naamini Yesu, huyo mnayemwita Nabii Isa, alikufa na akafufuka, na mwanangu yuko mikononi mwake. Nililiamini hilo usiku ule, na leo bado. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Haikuwa na mizimu ndani yake. Ningekwambia siku ile, kwa mdomo wangu, tusingefika hapa."

Nusaiba ameshika tama. Emmanueli ameinamisha kichwa na karatasi zake magotini.

Bi Moza anakikunja taratibu kile kitambaa cheupe, na Epifania anaanza kuinuka akidhani amefukuzwa.

"Kaa, sijamaliza." Sauti ya bibi inakwaruza. "Hapo pa kufa na kufufuka ndipo tunapoachana mie nawe, unalijua hilo. Sitaki nikufiche, kama nisivyotaka unifiche." Anawageukia watu. "Nyie sikizeni. Maneno yake nimemgombeza mbele yenu, na radhi kaomba. Jikoni kwake hakujabadilika kitu. Nilisema na ningali nasema. Anayetaka mkate akanunue, asiyetaka basi, halazimishwi mtu."

"Mie bado," anasema Nassor. Anavaa viatu vyake na kuondoka. Wanawake kadhaa wanamfuata. Wengine wanabaki wamekaa, wanaangaliana, mpaka Nusaiba anaponyanyuka kimyakimya, kuelekea kibandani.

Jioni hiyo mikate mingi ilibaki, na Aron akaipeleka kwa walimu wenzake. Hali haijatengemaa. Epifania anaoka nusu ya alichokuwa akioka, na bado wapo wanaopita upande wa pili wa barabara.

Emmanueli, ambaye anarudi bara wiki ijayo, amekuwa mpole zaidi, ingawa swali lake hajalitupa. "Bado nasema tusinyamaze," anasisitiza. "Nilichokosea ni kwamba maneno yale yaliandikwa kwa watu wa kwetu, wenye shida za kwetu. Sikujiuliza kama huyu bibi ana shida hiyo. Sikujua hata jina lake."

Kanisani kwao, Epifania na mumewe wamewaomba wenzao wakae baada ya Pasaka, wapitie kila kitu wanachogawa, mstari kwa mstari, na kujiuliza kama wangeweza kumsomea jirani wakiwa wamekaa naye mkeka mmoja. Baadhi wamekubali. Baadhi wamemwambia Epifania ameanza kulegea. Hilo nalo linamuuma, ila amelizoea haraka kuliko alivyodhani.

"Nina mpango mmoja tu," anasema, akipangua makaa kutoka juu ya mfuniko. "Baada ya Idi, Bi Moza kaniambia niende, ana maswali. Nami ninayo ya kwangu, maana kuna mengi ya dini yake ambayo nimeyazungumza bila kuyajua. Naomba asiniulize jambo nikamjibu la kukariri. Hilo tu."

Je, Bi Moza anajuta kumsimamia? Anapoulizwa, anacheka kidogo, kisha uso unabadilika.

"Mie na dini yangu nitazikwa nayo, asijitaabishe," anasema. "Hasira zangu si hizo. Yule mtoto nilimwosha mikono mie. Nikarudi kwangu nikalia siku nyingi, nikimwona yule mama hana pa kushika. Kumbe alikuwa napo, kanificha."

Anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nilikuwa na haki ya kujua."