Kisima Kilichokuwa Ukurasa wa Nne

Niliporudi kusini nilikuwa na riwaya ambayo haijaisha, shati jeupe la kitani, na imani kwamba watu wa Nachingwea walikuwa wamekaa miaka yote wakimsubiri mwandishi. Dar es Salaam nilikuwa katika duara la vijana waliokutana Jumamosi kusomeana sura za vitabu vyao na kusifiana hadi jioni. Sifa zile zilinilevya. Nikapanga chumba karibu na stendi, nikabandika karatasi mlangoni: HUDUMA ZA UANDISHI. MANENO YAKO, MIKONONI MWA MSANII.

Mama yangu alikuja kutoka Chiola kuniona. Aliisoma ile karatasi taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Mwanangu, unauza nini hasa?"

"Maneno, mama."

"Maneno?" Akakaa kitandani, maana kiti kilikuwa na vitabu. "Chiola nani kayakosa?"

Nikamweleza kuhusu soko na wateja, na kwamba mtu mwenye biashara anahitaji kusimuliwa. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa. Kabla ya kuondoka aliniambia mikorosho ya nyumbani haijapaliwa, na kwamba jembe langu lipo.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda. Alitaka maandishi ya kinga-tope, ile raba nyeusi inayoning'inia nyuma ya gurudumu. Wenzake wameandika "Mungu Mkubwa" au "Mtaumia", akataka yake iwe tofauti. Nilifikiri siku nzima. Nikampa sentensi tatu kuhusu barabara na vumbi jekundu, na mtu anayekimbia akiamini anafika kumbe anaondoka.

Alizisoma, akakuna kichwa.

"Kaka, hii ni hotuba. Mtu akija nyuma yangu anaisoma, mpaka ifike nukta ameshanigonga."

Wa pili alikuwa mwenye duka la pembejeo. Alitaka tangazo la kupigwa kwenye spika siku ya gulio, kwamba salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, imeingia. Nilimwandikia kuhusu umande juu ya maua ya mkorosho, na ukungu mweupe unaotua kwenye majani kama dua ya mkulima. Mtangazaji aliyasoma yote kwa sauti ya huzuni. Wazee walisimama na baiskeli zao wakasikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akauliza, "Sasa salfa ipo au haipo?"

Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi niliandika katika kundi letu la WhatsApp la Dar kwamba hadhira ya huku bado haijakomaa.

Aliyeniokoa ni yule yule wa bodaboda. Alikuwa na mama yake mdogo kijijini Nandagala, upande wa Ruangwa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima ufuta na mboga. Kikundi kilikuwa kinapata mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa mambo ya maji, nao walitaka mtu wa kuwaandikia risala. "Nimemwambia wewe unajua kurefusha," alisema. Nikaona ni sifa.

Alinipeleka mwenyewe. Mwenyekiti alinipokea uani akipepeta ufuta, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha karibu. Kabla hajaniambia lolote alinichukua mpaka kwenye korongo lililo nyuma ya mashamba. Lilikuwa kavu. Wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti kwenye shimo la mchanga, wakichota kwa kikombe maji ya rangi ya chai ya maziwa. Walisubiri kikombe kijae, wakamimina kwenye ndoo, wakasubiri tena.

"Hapa ndipo tunapoamkia," alisema. "Mwanangu, tunataka kisima. Mashine ya kuchimba itapita upande huu mara moja tu, na vijiji vinavyoitaka ni vingi. Huyo mgeni ndiye anayesema ikae wapi. Asipotusikia siku hiyo, imekwenda."

"Atawasikia, mama," nilisema.

"Halafu yeye ni Mngoni. Tutilie utani kidogo humo."

Hapa inabidi nieleze. Zamani Wangoni waliwavamia babu zetu huku kusini, wakapigana na Wayao, wakapigana na Wamwera. Vita viliisha vikaacha utani. Mngoni akikutana na sisi lazima tutukanane, tuchekane, tuibiane kofia, na aliyetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Zaidi ya hapo, mtani akikudai jambo mbele ya watu, huponi. Najua haya tangu nanyonya. Mimi mwenyewe ni Myao.

Lakini nilikuwa msanii. Nilimwona mwenyekiti kama mtu anayetaka kumwaga pilipili kwenye asali.

"Mama, risala ni fasihi," nilimwambia. "Ina hadhi yake."

Alinitazama, akatazama shati langu. "Sawa. Wewe ndiye mwandishi."

Niliandika kurasa tano. Nilizifuta, nikaziandika upya, nikazisoma kwa sauti chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Sehemu moja ilinitoa machozi, na sioni aibu kusema, ingawa aibu ninayo. Kisima nilikiweka ukurasa wa nne. Riwaya nzuri, tuliambiana Jumamosi zile, haitoi siri yake mapema.

Siku ilifika. Turubai la bluu, viti vya plastiki, jenereta likinguruma nyuma ya shule, wanawake wote na vitenge vya sare. Mgeni alishuka kwenye gari akitabasamu, akiangaza huku na huku kama mtu anayesubiri kurushiwa kitu. Wanawake walimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alinitazama mimi. Mimi nilitingisha kichwa: hadhi. Basi wakampokea kimya, wakamnawisha mikono, wakampa soda.

Katibu alisimama na kurasa zangu. "Ewe mgeni wetu," alianza, "nuru ya asubuhi inayopapasa mashina ya mikorosho yetu, wewe ambaye nyayo zako zimetakasa vumbi la kijiji hiki..."

Nilifumba macho ili nisikie mdundo. Nilipoyafumbua tabasamu la mgeni lilikuwa limekwisha. Kufikia ukurasa wa pili alikuwa anasoma kizibo cha soda. Ukurasa wa tatu ulipoanza aliinua mkono.

"Dada yangu, samahani. Tuishie hapo."

Katibu akakaa. Kisima kilikuwa bado kimekunjwa mkononi mwake.

Mgeni akachukua kipaza sauti. "Nimetoka Songea. Njia nzima najiambia, leo nakwenda kwa watani zangu, watanimaliza. Nimeshuka, kimya. Nimekaa, kimya. Sasa nasomewa wasifu wa marehemu. Jamani, mmenizika lini?"

Watu walicheka kidogo, kwa woga.

"Nani ameandika haya?"

Sijawahi kuona wanawake wengi hivyo wakigeuka kwa pamoja. Yule wa bodaboda, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake, alinionyesha kwa kidole kabisa, nisije nikachanganywa na mtu mwingine.

Niliitwa mbele. Shati la kitani lilikuwa limeloa mgongoni.

"Wewe kabila gani?"

"Myao, mheshimiwa."

"Mheshimiwa!" Aliwageukia watu. "Mmemsikia? Myao ananiita mheshimiwa. Mtani wangu anaumwa huyu, mpelekeni hospitali ya Mnero akapimwe."

Sasa walicheka kweli.

"Haya, nitukane," alisema, akanipa kipaza sauti.

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi. Sikukumbuka tusi hata moja. "Ninyi Wangoni," nilianza, "ni jamii yenye historia ndefu ya..."

"Chumvi!" mwenyekiti alipaza sauti kutoka kiti chake. "Hiyo haina chumvi! Mtukane, mwanangu, tunakufa na kiu!"

Neno lile la mwisho halikuwa la mzaha. Niliona mikono yake juu ya magoti, na kucha zenye mchanga ambao sabuni ya sherehe haikuutoa. Nikakumbuka mama yangu anavyowachambua Wangoni misibani, mkono kiunoni, na mdomo wangu ukafunguka kwa sauti yake.

"Babu zako walikuja huku wakachukua mbuzi wetu wote," nilisema. "Wakachukua na bibi zetu. Mbuzi mkawala. Bibi zetu mkawaoa, ndiyo maana hata wewe una afadhali kidogo ya sura."

Vigelegele vilipasua turubai. Mgeni alijishika tumbo.

"Leo umekuja tena, mikono mitupu. Umekunywa soda yetu. Na yale maji uliyonawa, huyu mama ameyakwangua mchangani kwa kikombe tangu alfajiri, ili wewe uoshe mikono ya wizi. Hutoki hapa, Mngoni. Kwanza kisima."

Wanawake wawili walikuwa wameshakaa chini mbele ya gari lake. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya mgeni, sikuona alivyoichukua.

Mgeni alifuta macho kwa leso. "Sasa nimefika," alisema. Kisha, bila kipaza sauti: "Maji hayo mnayakwangua wapi? Nipelekeni."

Walimpeleka kwa miguu, umati mzima, wakimwimbia matusi njia nzima. Nilibaki chini ya turubai na viti. Nilikuwa natafakari maana ya yote yale nilipoguswa bega.

"Mwandishi," alisema fundi wa spika, "kazime jenereta, mafuta yanakwisha."

Baada ya hapo simu yangu iliita mara kwa mara. Mwenyekiti alinisifia kila alikokwenda, ingawa alisifia kitu ambacho sikukiandika. Kikundi kimoja cha Ruangwa mjini kiliniuliza kama ninatukana makabila yote au Wangoni tu. Wengine walitaka risala, na niliziandika, na siku hizi ombi linakaa mstari wa pili, baada ya salamu. Mikorosho ya Chiola ilipaliwa na wadogo zangu, jambo ambalo mama hulitaja.

Mashine ilikuja ufuta ulipokwisha kuvunwa. Nilipanda bodaboda kwenda kuona. Lilitoka kwanza tope la kijivu, likaruka juu ya watu, wakapiga kelele wakakimbia wakarudi. Kisha maji yakaanza kusafika. Hakukuwa na risala. Mwenyekiti alikinga kikombe, akanywa kidogo, akakijaza tena akanipa.

Nilikiinua kwenye mwanga. Tayari nilikuwa na maneno mdomoni, mazuri, manne au matano.

"Kunywa," alisema. "Usituelezee."

Nikanywa. Yalikuwa na chumvi kidogo, na ya baridi mpaka meno yaliuma. Nikamnyooshea kikombe aniongeze.