Sura Tatu za Kwanza

Wasomaji wa blogu yake walimpachika jina la Bi Mwisho, na jina likamganda. Mchana aliuza miwani katika duka lililotazamana na benki. Jioni alisoma riwaya, hasa za waandishi wanaojichapishia wenyewe, ambao magazeti hayana habari nao. Kila uhakiki wake aliufunga kwa maneno mawili: "Nimefika mwisho." Kitabu kilichomshinda njiani hakukisema kwa wema wala kwa ubaya. Ndiyo maana watu walimwamini.

Siku ya uzinduzi wa riwaya ya wifi yake, alifika mapema kwenye ukumbi wa maktaba ili asaidie kupanga viti. Vitabu vilikuwa vimetoka kwa mpiga chapa asubuhi ileile. Akachukua nakala moja, akainusa kama ilivyo kawaida yake, kisha akaigeuza. Nyuma ya jalada, kwa herufi nene, akakutana na maneno yake mwenyewe: "Kitabu hiki kina moto. Nimesahau chai jikoni mpaka sufuria ikaungua. — Bi Mwisho."

Maneno hayo aliyaandika kweli, kwenye ujumbe wa simu, wifi alipomtumia sura tatu za kwanza za mswada. Mswada mzima alikuja kuupata baadaye, na alikuwa ameumaliza juzi tu. Baada ya sura ya tatu moto ulizimika. Mkunga aliyeshuhudia wizi wa mtoto mchanga mwanzoni alitembea kwa miguu yake mwenyewe; sasa alikuwa akiburutwa na mwandishi. Mwizi naye akafa kwa ajali, kabla hata hajashukiwa. Bi Mwisho alikuwa amepanga kumweleza wifi taratibu, sherehe ikishapita.

Wifi, mwalimu wa kemia, alikuwa akitandika kitambaa kwenye meza ya mauzo.

"Wifi, haya maneno ya nyuma."

"Si mazuri? Mpiga chapa kasema ndiyo yatakayouza."

"Ni ya sura tatu. Nilikuandikia kabla sijaziona nyingine."

"Sasa nani atakaa apime sura? Mtu anasoma, anapenda, ananunua."

"Wakiona jina langu wanajua nimefika mwisho."

"Kwani hujafika?"

"Nimefika."

Wifi akaacha kitambaa kikining'inia upande mmoja. "Kwa hiyo?"

"Ulianza kukimbia, wifi. Mkunga ukamwacha njiani."

Mume wa Bi Mwisho akapita katikati yao na viti viwili kichwani. "Mawifi mkinong'ona hivyo, kuna mtu anasengenywa. Naomba nisiwe mimi."

Hakuna aliyecheka. Akajiondokea.

"Miaka yote nimeandika huku nasahihisha madaftari ya watoto wa watu," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Mama ameleta kikundi chake kizima, wamekaa pale mbele. Unataka kunivua nguo mbele yao?"

"Sitaki. Lakini nikisema kitabu chote kina moto, nitakuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na hao waliokuja pia."

"Basi usiseme kitu."

"Jina langu liko kwenye ratiba ya wasemaji, na liko kwenye jalada. Umeliweka wewe."

Wifi akamgeuzia mgongo, akaendelea kunyoosha kitambaa kilichokwisha kunyooka.

Alipoitwa na mshereheshaji, Bi Mwisho alisimama na kitabu mkononi. Mama mkwe alikuwa akimtabasamia.

"Maneno ya nyuma ya jalada ni yangu na siyakani," alisema. "Niliyasema kuhusu sura tatu za kwanza. Sasa nimekimaliza chote. Huko mbele kina haraka, na sababu nitazieleza kwenye blogu. Ila naomba mnisikilize."

Tabasamu la mama mkwe likafutika. Bi Mwisho hakuthubutu kuangalia upande wa meza. Akafungua sura ya pili na kusoma pale mkunga anaponawa mikono, maji yakitiririka, huku akisikia mlango wa nyuma wa wodi ukifunguliwa polepole na mtu asiyetaka kusikika. Viti vikaacha kulia. Akakifunga kitabu kabla mkunga hajageuka.

"Endelea basi, mama," mtu akasema kutoka nyuma.

"Endelea mwenyewe. Vitabu viko mezani."

Wakacheka, wakainuka. Wifi hakucheka.

Foleni ikawa ndefu kuliko alivyotarajia. Kutoka alipokuwa, Bi Mwisho alimwona wifi akitia sahihi ukurasa wa kwanza, kisha akikigeuza kitabu na kuandika kitu nyuma. Kila kitabu alikifanyia hivyo. Bi Mwisho naye akaingia kwenye foleni na nakala yake.

Wifi aliipokea bila kuinua macho. Chini ya maneno yale ya moto akaandika kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: "kuhusu sura tatu za kwanza."

"Uhakiki wako unatoka lini?"

"Kesho."

"Niletee niuone kwanza."

"Hapana, wifi."

Kalamu ikasimama. Waliokuwa nyuma wakaanza kuchungulia.

"Basi taja ukurasa," wifi alisema hatimaye. "Pale nilipomwacha mkunga. Usiniambie katikati-katikati, nitajie ukurasa wenyewe, nirudi nimchukue."

"Nitautaja."

"Haya, sogea. Wenzako wanasubiri."